Sakafu Inayong'aa na Maji Yaliyo Chini Yake



Wiki mbili zilizopita tulipokea ujumbe wa mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, akituuliza jambo ambalo hatukulitarajia katika ukurasa huu. Mwanawe afanyaye kazi Ghuba amemtumia picha za sakafu ya chumba cha gari. Sakafu yenyewe ni ya kijivu, ina chembechembe nyeupe na nyeusi, nayo yang'aa kama sahani ya kauri. Kijana amemwambia atafute fundi, pesa atatuma yeye, ili chumba chao nacho kiwe vivyo hivyo. Mama auliza mambo mawili: je, kitu hiki chadumu katika nyumba zetu za pwani, au ni pesa ya kutupa? Na la pili, amwamini fundi gani?

Aghalabu maswali ya namna hii tungewaachia mafundi, nasi tukashughulika na yetu. Lakini hili limetugusa panapouma. Huu ni mwaka wa tatu tangu tuliposhika kuiweka sakafu hiyo hiyo nyumbani kwetu. Ilitushinda, tukagombana na mtu, tukamdhulumu. Basi mama yetu tutamjibu kwa yale tuliyojifunza kwa gharama.

Tuelewane kwanza juu ya jina. Gereji kwetu ni mahali pa makanika, mafuta meusi na vyuma chakavu. Tunachokizungumzia hapa ni chumba cha gari, kile cha chini au cha ubavuni mwa nyumba, chenye mlango wa chuma uelekeao njiani. Na kila mmoja wetu ajua kwamba katika chumba hicho gari ni mgeni tu. Wenyewe ni akina mama. Hapo ndipo panapotandikwa majamvi siku ya khitma, ndipo mchele wa harusi unapochaguliwa mawe, ndipo watoto wa jirani wasomeshwapo alasiri mvua ikinyesha, na ndipo nguo zianikwapo wakati wa masika. Mwenye kutoa pesa ya sakafu hiyo aghalabu huwa baba au mtoto aliye mbali. Mwenye kuishi juu yake ni mwengine, na huyo ndiye asiyeulizwa.

Sasa epoksi ni kitu gani? Si rangi, ijapokuwa hupakwa kama rangi. Rangi ya kawaida hukauka kwa maji au tina yake kuondoka hewani. Epoksi huja katika makopo mawili, moja lina utomvu mzito wa kiwandani, na la pili lina kigumishi. Viwili hivi vikichanganywa hushikana, vikawa kitu kimoja kigumu kisichorudi tena kuwa majimaji. Utomvu huu ulizuliwa na wanakemia wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1930 na 1940. Mmoja wao, Pierre Castan wa Uswisi, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Leo hupakwa sakafu za viwanda, za hospitali na za maghala, na sasa umeingia majumbani, kwa sababu ukishika barabara mafuta ya gari hayapenyi, vumbi la saruji halipandi, na usafi wake ni kitambaa na maji ya sabuni. Mama aliyewahi kufagia sakafu ya saruji iliyochakaa, ambayo kila ukiifagia hutoa vumbi jipya, ataelewa kwa nini watu huipenda.

Turudi nyumbani kwetu. Nyumba ilijengwa na marehemu baba yetu kwa mawe ya matumbawe, na chumba cha gari kina mita 3 kwa 6. Binti yetu alikuwa aolewe mwezi wa Aprili. Zilikuwa zimebaki siku tano wageni waanze kuingia, ndipo tulipokumbuka kwamba sakafu ile ni aibu. Tukamwita kijana mmoja fundi, ambaye utotoni alisoma mbele yetu madrasani. Aliitazama sakafu, akaigonga kwa nyundo kona hii na ile, akasema, "Maalim, hii yataka siku kumi, na mashine ya kuisaga tuikodi." Tukamwambia siku kumi hatuna, na mashine ni gharama ya bure, sakafu si ukuta. Akanyamaza. Kwa kuwa sisi tulikuwa maalim wake, hakuweza kutukatalia, nasi tukakuchukua kunyamaza kwake kuwa ni kukubali. Akaosha kwa asidi, akasuuza kwa maji mengi, na siku ya pili yake akapaka. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza.

Siku ya harusi sakafu ilipendeza mno. Wageni walivua viatu mlangoni kwa kuionea haya. Tulisifiwa, nasi tukasifika.

Haikutimia miezi miwili. Upande wa ukuta wa nyuma yalifumka malengelenge, makubwa kama andazi, ukilibonyeza moja lapasuka na kutoa tone la maji. Mahali ambapo magurudumu ya gari husimama, epoksi iling'oka vipande na kubakia kwenye mpira. Karibu na mlango, jua lipigapo, ilikuwa imegeuka rangi ya samli. Palikuwa na duara jeusi pale wapishi walipoweka jiko la makaa. Na mama watoto, siku aliyomwaga maji ili aoshe, aliteleza akajishika kwenye mlango wa gari, nusura avunjike nyonga.

Tulimwita yule kijana. Laiti tungemwita faragha! Tulimsema barazani baada ya sala ya Isha, mbele za watu, kwamba amekula pesa na kufanya kazi ya hovyo, na tukamtaka arudishe. Hakubishana. Alisema neno moja tu, "Maalim, hukunipa siku." Tukaliona kuwa ni utovu wa adabu. Alirudisha nusu ya ujira wake kwa mafungu matatu, na tangu hapo akawa akituona njiani hupitia ng'ambo ya pili.

Mwezi wa Februari uliofuata, mwenzetu mmoja alituletea fundi mwengine, mtu mzima, ambaye kazi yake ni sakafu hizi tu. Tulitaraji atatoa kitabu cha rangi tuchague. Hakukitoa. Aliomba tumruhusu kung'oa sehemu iliyokwisha kupasuka mpaka zege likawa wazi, kisha akatandika juu yake kipande cha nailoni nzito ya ujenzi, kadiri ya sentimita 45 kila upande, akakibandika pande zote nne kwa utepe wa gundi pasibaki mwanya. Akasema kisiguswe kwa muda usiopungua saa 16, akaenda zake. Aliporudi kesho yake alasiri, chini ya nailoni palikuwa na matone kama ya jasho, na zege lilikuwa limepiga weusi.

"Sheikh," akasema, "sakafu yako yapumua maji."

Hapo ndipo kiini cha jambo zima, na twaomba mama yetu asisome kwa haraka. Ardhi ya pwani ina unyevu, na zege si kitu kilichoziba, lina vinyweleo vidogo vidogo mfano wa ngozi. Maji ya chini hupanda kwa vinyweleo hivyo yakatoka juu kama mvuke, kidogo kidogo, usiku na mchana, bila mtu kuyaona. Wajenzi wa siku hizi hutandika nailoni chini ya zege kabla ya kulimwaga ili kuyazuia. Nyumba nyingi za zamani hazina. Wazee wetu walipiga sakafu kwa chokaa, na chokaa huuacha unyevu upite ukaondoke, ndiyo maana sakafu zile ziliweza kukaa miaka mingi pamoja na maji yaliyo chini yake. Epoksi haipitishi. Mvuke ukifika chini yake hukosa njia, hukusanyika pamoja na chumvi yake, ukasukuma. Hayo ndiyo malengelenge. Akina mama wamekwisha kuona jambo kama hili kwenye kuta zipukutikazo lipu na kutoa unga mweupe kila zikipakwa rangi upya.

Tulimuuliza yule mzee kama kosa lilikuwa la fundi wa kwanza. Akatuuliza ilipakwa mwezi gani. Tukamwambia Aprili. Akauliza ilioshwa kwa nini. Tukamwambia kwa asidi na maji, ikapakwa siku ya pili yake. Akauliza mashine ya kusaga ilipitishwa? Tukasema hapana. Hakuuliza tena. Alisema tu kwamba kwa sakafu hii, kwa mwezi ule na haraka ile, hata angepaka fundi gani ingeng'oka. Tulikaa kimya, maana majibu yote matatu yalikuwa yetu sisi, si ya kijana.

Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni hili: chadumu, mradi yafanyike yasiyoonekana. Fedha nyingi ya kazi hii haimo katika mng'ao. Imo katika siku mbili tatu za mwanzo ambazo, ukiingia chumbani, utadhani fundi aharibu. Juu ya zege huwa pana utando mwembamba wa saruji dhaifu, na epoksi ikishika utando ule, utando ukiachia nayo yaachia. Ndiyo maana huletwa mashine yenye meno ya almasi ikauparuza wote mpaka zege gumu lionekane, likikwaruza mkono kama msasa. Asidi yaweza kusaidia pale pasipo na mashine, lakini ni msaada dhaifu, na huiongezea maji sakafu ambayo tayari yalia maji. Mafuta ya gari nayo hutolewa kwa sabuni kali kabla ya kusaga. Mama aweza kupima mwenyewe: anyunyize matone ya maji juu ya sakafu iliyosagwa. Yakinywewa mara moja, vinyweleo viko wazi. Yakisimama kama shanga, pana mafuta au rangi ya zamani, na fundi arudi kazini. Na kama zege ni jipya, lisipakwe chochote kabla ya siku 28.

Baada ya hapo nyufa huzibwa, lapakwa tabaka la kwanza jembamba lipenyalo ndani ya zege, kisha tabaka nene lenye rangi, ambalo juu yake hurushwa zile chembechembe zikiwa bado mbichi, kisha tabaka la kufunika. Epoksi peke yake hugeuka njano juani, kwa hivyo chumba ambacho mlango wake hukaa wazi mchana tabaka hilo la juu liwe la poliyurethani au la poliaspatiki istahimiliyo jua. Na hapo ndipo pa kumwambia fundi achanganye unga mgumu wa kuzuia utelezi. Asipoambiwa hataweka, maana sakafu laini ndiyo ipendezayo kwenye picha, na picha ndiyo imletayo mteja wa pili.

Yako mahesabu mepesi ambayo twatamani kila mama ayajue. Lita moja ikimwagwa juu ya mita moja ya mraba hufanya unene wa milimita moja. Chumba chetu ni mita za mraba 18. Ukitaka unene wa thuluthi ya milimita, ambao si mwingi kwa kazi ya fundi kamili, wahitaji lita 6 za epoksi isiyo na maji wala tina ndani yake. Yule ajaye na galoni moja ya lita 4 ya ile ya kuchanganywa na maji, ambayo nusu yake huruka hewani, atakuachia unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Hiyo ni rangi, haidhuru kopo limeandikwa nini. Gurudumu lililotoka barabarani mchana wa kaskazi huwa lina moto, hulilainisha tabaka hilo na kulishika, na likipoa hujikunja nalo.

Siku ya kupaka watoto wasiwepo, wala mwenye mimba, wala mwenye pumu. Vumbi la kusaga zege lina chembe za silika ambazo huharibu mapafu ya anayezivuta siku nyingi, kwa hivyo mashine iwe na ya kufyonza vumbi, na fundi avae barakoa ya kweli, si kilemba alichojifunga puani. Epoksi mbichi isiguse ngozi. Wako mafundi waliopata mzio nayo, na mzio huo ukiingia mwilini hautoki, ikawa kila akikaribia kazi yake mikono yatoka upele. Glavu ni sehemu ya ujira, mwenye nyumba aulizie. Na vikishachanganywa vile viwili fundi asiitwe hata kunywa chai, kwani kwa joto letu ndoo huanza kupata moto yenyewe kwa nusu saa au chini yake, na kilichogandia ndani hakitumiki tena.

Kutembea juu yake ni baada ya siku moja, gari na vitu vizito ni baada ya wiki. Hapo ndipo kijana wetu alipozipata siku zake kumi. Hakuzibuni.

Kuhusu jiko, epoksi haistahimili makaa. Sufuria ya pilau iliyotoka motoni huiacha alama, na jiko lenyewe huichoma kabisa. Mara ya pili mama watoto aliulizwa kabla ya kununuliwa chochote, naye aliagiza mambo matatu: pabakizwe utepe wa zege tupu, mita moja upana, upande wa mlango wa ua, kwa ajili ya wapishi, sakafu isiteleze, na rangi isiwe nyeupe. Hilo la tatu tuliuliza sababu. Alijibu kwamba atakayeifuta si sisi.

Kama ni israfu au si israfu, mama yetu hakuuliza, lakini twadhani mwanawe atauliza pesa zikianza kuhesabiwa. Sisi twaona kwamba familia ambayo paa lake lavuja, au ambayo ina karo za watoto hazijalipwa, iiache kwanza. Na ikiwa nailoni itatoa maji, na uwezo wa kununua tabaka maalumu la kuzuia unyevu haupo, ni bora kutia terazo au kuibakiza saruji kama ilivyo, kuliko kuweka nusu ya kitu. Ikiwa uwezo upo, ifanyike wakati wa kaskazi, si masika, na makubaliano yaandikwe: kupima unyevu, kusaga kwa mashine, matabaka mangapi, lita ngapi, siku ngapi, na ikichubuka ndani ya mwaka nani atagharamia. Karatasi hiyo humlinda mama. Lakini humlinda fundi pia, maana kijana mwenye haya akiwa na siku kumi zilizoandikwa hahitaji kumkatalia maalim wake kwa mdomo.

Limebaki swali la pili, la fundi.

Usiku wa siku ile ya nailoni hatukulala vizuri. Asubuhi tulichukua fedha ile iliyorudishwa, nusu ya ujira, tukaenda kwa yule kijana. Tulimkuta kwao, uani, akiosha marola. Tukamwambia yale aliyotuambia mzee, tukamtaka radhi, tukamwambia na barazani tutasema, kama tulivyomsema. Na tulisema, ijumaa ile ile, kwa watu wale wale. Alizipokea fedha akazihesabu mbele yetu, noti moja moja, nasi hatukuona vibaya. Kisha akauliza, "Maalim, huyo mzee alipima wapi?" Tukamwambia katikati, palipopasuka. Akasema kwamba alipoigonga kwa nyundo mwaka ule, upande wa ukuta wa nyuma ulitoa sauti tofauti, kama kwamba chini yake pana uwazi, naye angeanzia huko.

Tukampelekea mzee maneno yale. Akatandika nailoni nyengine ukutani nyuma, na kesho yake maji yalikuwa yakichuruzika. Ilionekana kwamba bomba la zamani la kisima lilipita hapo na kuvuja kwa miaka. Lilizibwa kwanza, sakafu ikaachwa ikauke wiki tatu, ikapimwa tena, ndipo kazi ikaanza. Mzee aliuliza kijana huyo yuko wapi, kwa kuwa alihitaji mtu wa kushika mashine, na tabaka la mwisho lilipakwa na wote wawili, mmoja akianzia ukutani na mwengine mlangoni. Misimu miwili ya masika imepita juu ya sakafu ile, na hadi tunapoandika haijatoa lengelenge hata moja.

Kijana sasa ana mashine yake mwenyewe. Mama yetu akitaka, aandikie ofisi ya jarida, nasi tutampelekea ujumbe aje apime. Atakuja na kipande cha nailoni na nyundo. Asimharakishe.